Kwa nini kodi yangu inunue shamba ambalo sitaruhusiwa hata kulikanyaga?

Swali

Mtaalamu, salaam. Naishi Marekani, katika kaunti ya mashamba ambayo mwaka hadi mwaka inamezwa na nyumba mpya. Bodi ya kaunti inataka kuungana na wakfu wa ardhi wa hapa kwetu ili shamba moja la ng'ombe wa maziwa lisikatwe viwanja. Kaunti itatoa sehemu kubwa ya fedha, mwenye shamba atabaki kuwa mwenye shamba, na wakfu, ambao ni shirika binafsi, ndio utakaoshika haki zilizonunuliwa. Novemba tutapigia kura kodi mpya ndogo ya kugharimia mipango mingine ya namna hii. Jirani zangu wanasema ni wizi wa mchana kweupe. Mimi ningependa shamba libaki, ila sielewi tunanunua nini hasa, wala kwa nini kaunti isishike haki hizo yenyewe. Nipige kura gani?

Jibu

Ndugu yangu, jirani zako wamekosea kuuita wizi, lakini hawajakosea kushuku. Mpango wa aina hiyo ni wa kawaida huko uliko, una sheria zake, na mara nyingi umezaa matunda. Unapoharibika, kiini huwa si zile fedha ambazo watu huzipigia kelele ukumbini. Kiini huwa ni hati ambayo hakuna aliyeomba kuisoma, na ubovu wake huonekana miaka kumi au ishirini baadaye, bodi ikiwa imebadilika na shamba limeshauzwa kwa mtu mwingine.

Hamnunui shamba. Mwenye ardhi ana fungu la haki: kulima, kukodisha, kuuza, kurithisha, kuwazuia wapita njia, kugawa viwanja, kujenga. Kaunti inalipia hizo mbili za mwisho ili zisitumike tena. Zikishalipiwa, makubaliano yanaandikwa kwenye rejista ya ardhi kama zuio la uhifadhi, na zuio hufuata ardhi, halimfuati mtu. Mzee akifariki, mwanawe akauza, mnunuzi naye akauza, kila mmoja anapokea shamba lenye zuio lilelile.

Bei yake inapatikana kwa kuthamini shamba mara mbili. Tuseme mthamini anakuta kwamba mjenzi angelinunua kwa dola milioni 3. Anarudia hesabu akichukulia kwamba kukata viwanja hakuruhusiwi milele, anapata milioni 1.2. Tofauti, yaani milioni 1.8, ndiyo thamani ya zuio. Mwenye shamba anabaki na ardhi ya milioni 1.2, anaendelea kukamua ng'ombe na kulipa kodi ya ardhi. Majimbo mengi tayari yanayatoza mashamba kodi kwa thamani ya kilimo, si kwa thamani ya viwanja, kwa hiyo ile hofu kwamba kaunti itapoteza kodi kubwa siku zuio linapoandikwa kwa kawaida haina msingi kwa shamba linalolimwa. Ardhi yenyewe ingenunuliwa na serikali au na shirika lisilotozwa kodi, hapo hofu ingekuwa na miguu.

Si lazima alipwe zote milioni 1.8. Wenye mashamba wengi hukubali pungufu, na kile walichosamehe kinahesabiwa kuwa mchango wa hisani unaowapunguzia kodi ya mapato ya shirikisho. Unafuu huo ulifanywa wa kudumu mwaka 2015: mtoaji anaweza kuutumia kufuta hadi nusu ya kipato chake kinachotozwa kwa mwaka, mkulima anayestahili hadi chote, na kilichobaki akakivusha mbele kwa miaka 15. Sharti lisilo na mjadala ni kwamba zuio liwe la milele. (Wajanja waliwahi kuligeuza hili kuwa biashara: wanakusanya wawekezaji, wananunua ardhi, wanaipandisha thamani kwenye makaratasi, halafu wanagawana punguzo la kodi. Mwishoni mwa 2022 Bunge la Marekani likawabana. Mtu akikupigia simu kukuuzia hisa za "uhifadhi" zitakazokurudishia mara kadhaa ya ulichotoa, kata simu.)

Sasa hilo la kukanyaga. Zuio halifungui geti. Shamba linabaki mali ya mtu, na mbwa wake wana haki ya kukubwekea. Mkitaka njia ya kutembea kandokando ya kijito, lazima ijadiliwe, iandikwe, na mara nyingi ilipiwe. Kama nia ya kaunti ni bustani ya watu kupumzikia, basi inunue ardhi yenyewe, ijenge maegesho na vyoo, iajiri mtu wa kufyeka, na ijue kwamba bei ni nyingine kabisa. Mnacholipia katika mpango huu ni maji yanayopenya chini ya yale malisho badala ya kutiririka juu ya lami, ni udongo wa kulima, na ni barabara, mabomba ya maji taka na madarasa ambayo kaunti haitalazimika kujenga pale. Hoja hii ya mwisho haina budi kutumiwa kwa tahadhari. American Farmland Trust, shirika la kulinda mashamba, limekuwa likihimiza tafiti zinazolinganisha kodi inayolipwa na kila aina ya ardhi na huduma inazodai, na karibu kila mahali matokeo ni yaleyale: makazi yanadai huduma za zaidi ya dola moja kwa kila dola yanayolipa, shamba linadai chini sana ya dola moja. Ni kweli, ila huo ni wastani wa mwaka uliopita. Hautabiri kitakachotokea kwa viwanja vile hasa vilivyokuwa vijengwe, na tena watu wanahitaji mahali pa kulala. Nitarudi hapo.

Kaunti, kwa kawaida, hailipi peke yake. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina programu ya mazuio ya kilimo iliyoundwa na sheria ya kilimo ya 2014, na inaweza kulipa hadi nusu ya thamani ya zuio la shamba la kawaida. Majimbo mengi yana mifuko yao. Kaunti inatoa fungu lake, wakfu unachangisha kwa wanachama na matajiri wa eneo, mwenye shamba anasamehe kidogo. Kwa kuwa umesema kaunti yenu ndiyo inayobeba sehemu kubwa, swali la kwanza ukumbini liwe hili: je, shirikisho na jimbo waliombwa? Jibu linaweza kuwa halali kabisa. Foleni ya maombi ya shirikisho ni ndefu, na muuzaji mwenye madeni au warithi wanaovutana hawawezi kungoja. Lakini wakijibu kwa kubabaika, ujue hakuna aliyejaza fomu.

Kodi yenyewe ya kura ya Novemba si jambo geni. Mwaka 1967 wakazi wa Boulder, Colorado, walipiga kura kujitoza asilimia 0.4 ya mauzo ili kununua ardhi ya wazi kuuzunguka mji wao, na wanahesabiwa kuwa mji wa kwanza Marekani kufanya hivyo. Leo mji huo una zaidi ya ekari 45,000 zilizolindwa, na ukisimama pale unaona waziwazi nyumba zinapokomea. Jimbo la Washington liliziruhusu kaunti zake mwaka 1971 kutoza senti chache kwa kila dola elfu ya thamani ya mali kwa kazi hiyohiyo. Massachusetts ilipitisha sheria mwaka 2000 inayoruhusu mji kujiongezea hadi asilimia 3 juu ya kodi ya majengo, jimbo nalo linachangia. Na kwa busara wakaandika kwamba angalau asilimia 10 iende kwenye ardhi, 10 kwenye majengo ya kihistoria na 10 kwenye nyumba za bei nafuu.

Mimi binafsi navutiwa zaidi na njia ya miji mitano ya mashariki ya Long Island, New York. Mwaka 1998 wapiga kura wao walikubali kodi ya asilimia 2 kwa kila uhamisho wa mali isiyohamishika, inayolipwa na mnunuzi, sehemu ya kwanza ya bei ikiwa imesamehewa. Kule ambako matajiri wa jiji la New York wananunua nyumba za pwani kwa mamilioni, kodi hiyo imekusanya zaidi ya dola bilioni moja. Uzuri wake ni kwamba joto lilelile la soko linalotishia mashamba ndilo linalojaza mfuko wa kuyalinda. Ubaya wake ni kwamba soko likipoa mfuko unakauka, na soko linapopoa ndipo ardhi inaponunulika. Kaunti yenye akili huweka akiba miaka ya neema.

Hapo ndipo wengine hukimbilia hati fungani: wakope leo wanunue kabla bei haijapanda, walipe kwa miaka ishirini. Ni hesabu nzuri, ila ina mtego mmoja ambao vipeperushi vya kampeni havitaji. Fedha za hati fungani za umma ni za kununulia mali, si za kuendeshea shughuli. Zinaweza kununua zuio. Mshahara wa mtu wa kulikagua zuio hilo kila mwaka ni habari nyingine. Kununua ni tukio la mchana mmoja kwenye ofisi ya wakili. Kulinda hakuna mwisho. Nani analipia?

Hapo unaanza kuona kwa nini wakfu upo mezani.

Mashirika haya ni ya zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. La Massachusetts, The Trustees of Reservations, lilianzishwa 1891, na miaka minne baadaye Uingereza ikaanzisha National Trust kwa wazo linalofanana. Lakini kaunti haiungani na wakfu kwa ajili ya historia. Inaungana nao kwanza kwa sababu ya kasi. Bodi ya kaunti inafungwa na mwaka wa fedha, matangazo ya mikutano na kanuni za manunuzi. Mwenye shamba ana benki inayombishia hodi. Wakfu unaweza kumlipa kiasi kidogo ili asiuze kwa mtu mwingine kwa mwaka mmoja, au ukakopa, ukanunua, ukashikilia, kisha ukaihamishia kaunti fedha zake zikishatoka. Trust for Public Land, lililoanzishwa 1972, limejijengea jina kwa kazi hiyo hasa: kununua na kukabidhi, na pia kuzisaidia serikali ndogo kuandaa kura kama hiyo yenu.

Sababu ya pili ni nyeti kuliko hiyo. Wakulima wengi hawataki kuiona serikali uani kwao. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa vilima vya Catskill, kaskazini ya jiji la New York. Jiji hilo linapata sehemu kubwa ya maji yake kutoka huko, maji ambayo hayapitishwi kwenye mtambo wa kuchuja. Sheria ya shirikisho ya 1989 ilipoanza kudai uchujaji, jiji lilikabiliwa na gharama ya mtambo iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 6 hadi 8, isipokuwa lithibitishe kwamba linaweza kuyalinda maji kwenye chanzo. Maana yake lilihitaji ardhi za watu walioishi mbali na jiji na wasiolipenda hata kidogo. Walikuwa na sababu. Katika karne ya 20 jiji lilitwaa mabonde yao kwa nguvu ya sheria ili kujenga mabwawa. Bwawa la Pepacton peke yake lilifunika vijiji vinne, Arena, Pepacton, Shavertown na Union Grove. Wajukuu wa waliohamishwa ndio waliokuwa wakichunga ng'ombe kwenye miteremko ambayo jiji sasa lilitaka kuilinda.

Jiji likija kwa barua ya wakili, lingefukuzwa. Kilichofanyika ni kwamba wakulima wenyewe waliunda baraza lao mwaka 1993, Watershed Agricultural Council, shirika lisilo la faida, na jiji likaligharimia. Makubaliano makubwa ya 1997 yakafuata: jiji litanunua kwa mwenye kutaka kuuza tu, kwa bei ya soko, halitatwaa ardhi kwa nguvu, na litalipa kodi ya ardhi kwa miji ya kule kwa kila kipande litakachonunua. Liliahidi kutenga angalau dola milioni 250 kwa ununuzi. Mazuio ya mashamba yanashikwa na baraza la wakulima, si na jiji. Mkaguzi anayeingia shambani ni mtu anayeijua tofauti ya samadi iliyorundikwa vibaya na samadi iliyorundikwa vizuri, na asiyethubutu kutukana ng'ombe wa mtu. Fedha ni za umma wa jiji, mkono unaobisha hodi ni wa jirani. Mpaka leo maji yale hayachujwi.

Basi swali lako la kwa nini kaunti isishike yenyewe lina nusu ya jibu. Nusu ya pili imo katika kesi ya Wyoming, na ningependa kila mjumbe wa bodi ya kaunti aisome kabla ya kunyoosha mkono.

Mwaka 1993 wenye ranchi moja katika kaunti ya Johnson walitoa zuio la uhifadhi juu ya ekari elfu moja na kidogo. Aliyelipokea ni kaunti, ambayo baadaye ililihamishia kwenye chombo cha kulinda mandhari ilichokiunda yenyewe na kukisimamia yenyewe. Ranchi ikauzwa. Wamiliki wapya, kwa kuwa kulikuwa na mipango ya kuchimba gesi chini ya ardhi ile, wakaiomba kaunti iliondoe zuio. Mwaka 2002 kaunti ikakubali, hivihivi, bila kwenda mahakamani. Kilichokuwa cha milele kikawa kimefutwa baada ya miaka tisa. Mkazi mmoja alishtaki. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema hakuwa na hadhi ya kufungua shauri lile, lakini ikaashiria kwamba mwanasheria mkuu wa jimbo angeweza, naye akafungua.

Simtuhumu mtu kwa rushwa hapo. Kaunti ni chombo cha siasa na ndivyo inavyotakiwa kuwa: bodi mpya inachaguliwa kwa sababu wananchi wamebadili mawazo. Tatizo ni kukipa chombo kinachobadilika kila uchaguzi ufunguo pekee wa kitu kinachotakiwa kisibadilike. Wakfu nao usiachiwe peke yake. Unaweza kufilisika, unaweza kubadili viongozi, unaweza kuogopa kumshtaki mwenye shamba ambaye ni mfadhili wake. Kwa hiyo mnagawana: wakfu unashika zuio na kulikagua, kaunti inaandikwa kwenye hati hiyohiyo kuwa na haki ya kulitekeleza wakfu ukilala, na lolote la kulibadili au kulifuta linahitaji wote wawili, pamoja na mahakama. Tena hati itaje kwamba siku moja mahakama ikiliondoa zuio kwa sababu yoyote, kwa mfano barabara kuu imepita pale, kaunti inarudishiwa asilimia ileile ya thamani iliyolipia, na si dola zilezile za zamani.

Hilo linajibu pia hoja ya jirani zako. Katiba za majimbo mengi zinakataza serikali kuwapa watu binafsi fedha za umma bure. Kaunti ikitoa fedha na jina lake lisionekane popote kwenye hati, jirani zako wana kesi. Ikipata haki iliyoandikwa na kusajiliwa, imenunua kitu.

Nieleze sasa kukagua kukoje, maana neno "usimamizi" kwenye vipeperushi halisemi lolote. Kabla zuio halijasainiwa, wakfu unatengeneza ripoti ya hali ya mwanzo: ramani, picha zilizopigwa kutoka sehemu zenye alama, orodha ya kila jengo na vipimo vyake, kisima, uzio, barabara ya trekta, hata jalala la zamani la matairi nyuma ya ghala. Mwenye shamba anasaini kwamba ndivyo lilivyo. Kila mwaka mkaguzi anarudi na picha zile mkononi, anasimama palepale, analinganisha. Anachokikuta mara nyingi si hoteli iliyojengwa usiku. Ni kibanda cha farasi kilichosogea hatua kumi nje ya eneo la majengo lililochorwa kwenye ramani. Ni jirani aliyeanza kumwaga vifusi kuvuka mpaka. Ni mnunuzi mpya ambaye wakala wa nyumba hakumwambia kwamba kuna zuio. Mengi humalizika kwa simu na barua moja, mradi yamewahiwa. Yakiachwa miaka sita, kibanda kimekuwa nyumba, na nyumba haibomolewi bila mawakili.

Mawakili wana bei. Ndiyo maana wakfu makini kwa kila zuio hutenga fungu kwenye mfuko wa kudumu, ambao faida yake inalipia ukaguzi, na una kinga ya gharama za kesi. Tangu 2013 kuna kampuni ya bima inayomilikiwa na mashirika haya yenyewe, Terrafirma, kwa kazi hiyo tu. Kuna pia ithibati inayotolewa na tume maalumu iliyoundwa 2006. Wakfu usio na ithibati si lazima uwe mbaya, kwani midogo mingi inaendeshwa na wastaafu watano wenye moyo. Ila moyo haupandi mahakamani. Waulize: mna mazuio mangapi, mlikagua mangapi mwaka jana, mfuko wa kudumu una kiasi gani? Kama hawana takwimu hizo kichwani, watakuwa nazo ofisini. Kama hawana ofisini, kaunti isiwape kitu. Na kama mfuko haupo, njia moja ya haki ni kaunti kuchangia mfuko huo mara moja, kutoka kwenye fedha zisizo za hati fungani, siku ileile ya ununuzi.

Lingine la kuuliza, hata kama litaleta baridi ukumbini: nani katika bodi ya wakfu anamiliki ardhi inayopakana na shamba hilo? Shamba likilindwa, ardhi ya jirani inapanda bei. Si kosa kuwa jirani, kosa ni kupiga kura juu yake. Na mthamini ameajiriwa na nani? Kaunti imchague wake, asiwe wa muuzaji wala wa wakfu.

Nilisema nitarudi kwenye nyumba. Kulinda ardhi katika eneo lenye soko kali kunapunguza viwanja, na viwanja vikipungua bei inapanda. Asiyekiri hilo anakuuzia kitu. Long Island imelijua kwa uchungu. Walimu na wauguzi hawawezi kuishi miji wanayoihudumia, na Novemba 2022 minne kati ya miji ile mitano ikaongeza nusu asilimia kwenye kodi ileile ya uhamisho, safari hii kwa ajili ya makazi. Wakagundua jingine. Zuio la kawaida linakataza kujenga lakini halilazimishi kulima, kwa hiyo mashamba yaliyolindwa kwa kodi ya umma yakaanza kununuliwa na matajiri kuwa majani ya mbele ya nyumba zao na viwanja vya farasi, kwa bei ambayo mkulima wa viazi hawezi kuisogelea. Mji wa Southampton, mmoja wa ile mitano, ukishirikiana na wakfu wa Peconic Land Trust, ulianza kununua masharti mazito zaidi: ardhi ilimwe mazao kweli, na ikiuzwa iuzwe kwa mkulima, kwa bei ya kilimo. Masharti hayo yanagharimu zaidi kwa sababu mwenye ardhi anaachia zaidi.

Kaunti yenu inasema inalinda shamba la maziwa. Soma rasimu uone kama inalinda shamba, au inalinda uwanja mpana usio na nyumba. Hivyo ni vitu viwili, na cha pili kinaweza bado kuwa na thamani kwa maji na mandhari. Ila kiitwe jina lake na kilipiwe bei yake.

Kuhusu mradi wa shamba hili, mimi ningeuunga mkono kaunti ikiandikwa kwenye hati kama nilivyoeleza, na mfuko wa kulinda ukiwepo. Moja likikosekana, ningesimama ukumbini nikaomba uamuzi uahirishwe hadi lirekebishwe, na kwa kawaida hurekebishwa ndani ya wiki chache kwa sababu hakuna upande unaotaka kuupoteza.

Kuhusu kodi ya Novemba, usiamue kwa kichwa cha habari cha pendekezo. Kura za namna hii hupita mara nyingi kuliko zinavyoanguka Marekani, na wanaoziandika wanajua hivyo, kwa hiyo huchomeka mambo. Soma kifungu cha matumizi. Kama "uhifadhi" umepanuliwa hadi viwanja vya mpira na maegesho, fedha zitaishia huko, kwani viwanja vya mpira vina wazazi wanaopiga kelele na vyanzo vya maji havina. Tazama kama kuna kamati ya wananchi inayopanga vipaumbele hadharani, ukaguzi wa hesabu kila mwaka, tarehe ya kodi kukoma au kupigiwa kura upya, na ruhusa ya kutumia sehemu ndogo kwa ulinzi na si kwa ununuzi peke yake. Ningependa pia kuona senti kwa ajili ya makazi, kama walivyofanya Massachusetts tangu mwanzo badala ya kungoja miaka zaidi ya ishirini kama Long Island. Yakiwemo matatu kati ya hayo, mimi ningepiga ndiyo. Likiwa halimo hata moja, hapana, na uwaambie kwa nini, maana pendekezo lililoanguka mara nyingi hurudi mwaka unaofuata likiwa limesafishwa.

Rasimu ya zuio iombe kwa karani wa kaunti kwa maandishi, sasa, kabla ya mkutano wa hadhara. Maadamu fedha ni za umma, kwa kawaida ni waraka wa umma. Ukiipata, anza na kifungu cha marekebisho na kile cha kufutwa. Viko kurasa za mwisho, baada ya watu wengi kuchoka kusoma.